Ng'ombe Asiye na Ini

Muzee Sebahire hakukataa kumtoa binti yake. Hilo lieleweke mapema, maana mtaa mzima wa Ndosho ulisema alikataa, na Ndosho husema mengi. Alichokataa ni pesa. Aliwaambia hivyo wajumbe wa Achille Bashige, akiwa ameketi mbele ya nyumba ya mbao aliyopanga: pesa amekwisha kuiona, na kila alipoiona ilikuwa njiani kwenda kwa mtu mwingine. Anataka ng'ombe. Mmoja tu, kwa sababu anazijua nyakati hizi. Lakini awe amesimama kwa miguu yake minne ndani ya uwanja huu, watu wamwone.

Namegabe, mjomba wa Achille na msemaji wa ukoo, alimkumbusha kwa upole kwamba waasi wamefunga barabara ya Masisi. Siku hizi ng'ombe haingii Goma, hata akiwa nyama. Akapendekeza wampe ng'ombe wa maneno, yaani ahadi mbele ya mashahidi, hadi barabara ifunguke.

"Ngombe ya maneno niko nayo mingi," Sebahire alisema. "Nilikimbia nazo zote."

Habari yake kila mtu aliijua. Kule Masisi, milimani, Sebahire alikuwa na kundi zima. Wenye bunduki wa kwanza walichukua ng'ombe wa maziwa, wa pili wakachukua mafahali, wa tatu wakakuta ndama tu, na hao walikuwa na adabu, wakaomba radhi kabla ya kuwachinja. Sasa muzee alikuwa anakaa juu ya mawe meusi ya volkano, fimbo yake ya kuchungia imeegemea mlangoni, na kitu pekee alichobaki kukichunga ni wapita njia.

Achille alikaa kimya, kama bwana harusi anavyotakiwa kukaa. Lakini alikuwa na haraka yake. Igihozo, binti mwenyewe, alikuwa na mimba. Ilikuwa changa bado, ya kufichika chini ya kitenge, na walioijua ni wawili tu: mwenye nayo na mwenye kosa. Muzee akijua kabla ya mahari, basi hakuna mahari wala ndoa. Igihozo atapelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, na Achille hataruhusiwa hata kupeleka salamu. Na mimba, jamani, haingoji barabara ifunguke.

*

Achille alikuwa anafundisha katika institut moja, shule ya mifugo. Somo lake lilikuwa anatomia: ndani ya mnyama kuna nini, na kila kitu kiko upande gani. Alilipenda somo lake. Shida ni kwamba somo lenyewe lilikuwa limehama mji. Volkano iliposhuka mwaka wa 2021, lava ilipita juu ya chumba cha mifupa ikaondoka na mafuvu, kwato, na zile chupa zenye mioyo ndani ya dawa. Halafu vita ikafunga barabara, ng'ombe wakaacha kufika machinjioni, na wanafunzi hawakuwa tena na mzoga wa kupasua. Kwa muda mrefu Achille alichora ng'ombe ubaoni, naye kuchora hajui kabisa. Katika mtihani mmoja nusu ya darasa iliandika kwamba figo la ng'ombe lina mkia.

Mwishowe wafadhili wakaleta mashine ya kuchapisha vitu, vitu vya kushika mkononi, si karatasi. Iliyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, taratibu, hadi unaona pua imetokea, kisha pembe. Wanafunzi walikuwa wanaizunguka kama watu wanaongoja mama ajifungue. Umeme ukikatika walianza upya. Uzi wa rangi moja ukiisha, waliendelea na uliopatikana sokoni Birere. Ndiyo maana ng'ombe alitoka na kichwa cheupe, ubavu wa kijani, miguu mitatu ya kijivu na mmoja wa rangi ya chungwa. Alikuwa na kimo cha mtamba wa kweli. Ubavu wake wa kulia ulifunguka kama mlango wa kabati, na ndani mlikuwa na vyote: moyo, matumbo manne, ini, na mji wa mimba wenye ndama aliyejikunja, ambaye unaweza kumtoa na kumgeuza ili ujifunze kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Wanafunzi walimwita Madame.

Wazo la kumpeleka kwa muzee lilikuwa la Namegabe. Aliuliza ana miguu mingapi, akaambiwa minne. Akauliza kama anasimama, akaambiwa anasimama. Basi, akasema, kama mtu aliyemaliza kazi.

Igihozo alipoelezwa alicheka hadi akaketi chini. Kisha akaacha kucheka.

"Achille, papa yangu anajua ngombe."

"Ninajua."

"Basi usijaribu kumudanganya. Muletee, lakini akikuuliza ni nini, umwambie ni nini. Watu wengi walishamudanganya."

Achille aliahidi. Kitu ambacho hakukifanya ni kumwomba ruhusa mkuu wa institut, Mushagalusa, mwanaume wa tai ya kila siku ambaye hata chaki alikuwa anaifungia kabatini. Jumatatu kulikuwa na mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa Madame. Achille alipiga hesabu yake: Madame atoke Jumamosi, watu wamwone, arudi Jumapili, na mkuu hatajua kama ng'ombe alikwenda kuposa. Funguo alikuwa nazo.

*

Walimpandisha juu ya chukudu, lile pikipiki la mbao lisilo na injini, wakamfunga kwa mipira ya magurudumu akiwa amesimama. Mwenye chukudu alikuwa amekwisha kubeba viazi, makaa, vitanda, hata mgonjwa mmoja, lakini hii, alisema, ataisimulia. Mtaa wa Mabanga ulitoka nje kutazama. Mama mmoja aliyeuza nyanya aliuliza sanamu hii ni ya kanisa gani. Achille alitembea pembeni na suti yake ya sherehe, mkono mmoja begani kwa Madame, uso ameuelekeza mbele kama anasindikiza jeneza.

Kabla ya kuingia Ndosho kulikuwa na kizuizi: kamba kati ya mawe mawili, meza, na vijana wenye bunduki. Mkubwa wao alivaa buti za mvua na kofia ya sufu, na kila mtu alimwita Chef.

Chef aliuliza ng'ombe anatoka wapi. Achille akasema institut. Chef akasema katika eneo hili hakuna kijiji cha jina hilo. Achille akaeleza kwamba ni plastiki, ni ya kufundishia, akagonga mgongo wa Madame, ukalia kama bidoni tupu ya maji. Chef akasikiliza, kisha akasema hakuuliza imetengenezwa kwa kitu gani. Hapa mwenye mbuzi anaacha mguu, mwenye makaa anaacha kipimo chake, na ng'ombe naye hapiti hivi hivi.

Achille akadhani tatizo ni kwamba hawajaelewa. Walimu wana ugonjwa huo. Akafungua ubavu. Akaonyesha majani yanapoingilia, yanaposhuka, yanaporudi mdomoni kucheuliwa. Vijana wakasogea. Mmoja akaning'iniza bunduki yake mgongoni ili ashike moyo kwa mikono miwili, akauliza mbona ni mdogo hivi. Lilikuwa swali zuri, na Achille akalijibu kwa urefu. Kwa dakika chache kizuizi kilikuwa darasa, naye alikuwa na furaha, maskini.

Ndipo Chef akapenyeza mkono, akachomoa ini.

"Ya chef ni maini," alisema.

"Lakini hii hailiwi, chef."

"Sijasema nitakula. Nimesema ni ya chef."

Mwenye chukudu alimvuta Achille mkono wa suti. Waliondoka. Achille alipogeuka aliona Chef ameliweka ini juu ya meza, amebana nalo karatasi zake zisipeperushwe na upepo.

*

Uwanja wa Sebahire ulikuwa umefunikwa kwa mahema ya plastiki ya kuazima, viti vya kukodi, na majirani ambao hakuna aliyewaalika. Madame aliwekwa nyuma ya hema moja, maana kwao ng'ombe wa mahari hasukumwi tu mbele za watu. Upande wa binti humtuma mtu wao anayeaminika, anakwenda kumkagua, anarudi na kumsifu mbele ya wote. Neno lake ndilo linalopitisha ndoa au kuirudisha nyumbani.

Aliyetumwa ni Havugimana, mdogo wake Sebahire, mtu wa ulimi mtamu ambaye aliwahi kumsifu ng'ombe kilema hadi watu wakataka kumnunua. Akaenda nyuma ya hema. Akakaa huko sana. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akaketi bila neno. Sebahire ikabidi amuulize.

"Umeiona?"

"Niliiona."

"Iko muzima?"

"Haina kupe," Havugimana alisema.

"Imekonda?"

"Hapana. Haijakonda."

"Rangi gani?"

"Rangi iko."

"Gani?"

"Mingi, kaka."

Watu wakaanza kunong'onezana. Baba wa bibi harusi haondoki kitini kwenda kutazama mahari, ni aibu, ni kama kuchungulia sufuria ya mwenyeji wako. Sebahire aliinuka, akachukua fimbo mlangoni, akaenda. Sherehe nzima ikamfuata.

Alimzunguka Madame pole pole. Aliutazama mguu wa rangi ya chungwa. Mkono wake ukaenda wenyewe chini ya shingo, pale wachungaji wanapokuna, ukakaa pale. Kisha akamtazama Achille, si msemaji.

"Mukwe, hii ni nini?"

Namegabe alikwisha kufungua mdomo na maneno yake ya maua. Achille akamtangulia. 

"Papa, ni plastiki. Ni ngombe ya kufundishia wanafunzi. Haipumui. Nilitafuta ingine, nikakosa."

Namegabe alifumba macho. Havugimana alishusha pumzi, kwani hatimaye kuna mtu amelisema.  Sebahire aligusa bawaba za ubavu kwa ncha ya fimbo, akaamuru ufunguliwe.

Alitazama ndani kwa muda mrefu. Aliuliza hiki ni nini, na hiki, na Achille akajibu kwa sauti ya chini, kama anayefanya mtihani. Mkono wa muzee ukaingia, ukapita juu ya moyo, ukateremka, ukafika mahali ambapo hapakuwa na kitu ila matundu mawili ya skrubu.

"Maini iko wapi?"

Hapo ndipo Achille alipoona aibu, kuliko hata ile ya plastiki. Mtu analeta mahari, na mahari yenyewe imeliwa njiani.

"Ilibaki kwa bariere, papa. Chef aliichukua."

"Chef alichukua maini ya plastiki?"

"Ndiyo, papa. Alisema ni ya chef."

Sebahire aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na wengi wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, ameegemea ubavu wa kijani, hadi akalazimika kuketi juu ya jiwe, na alipojifuta macho hakuna aliyekuwa na hakika tena ni kicheko gani. Léoncie, mkewe, alisema baadaye kwamba tangu Masisi hakuwahi kumwona hivyo.

"Kila ngombe yangu ilipita kwa bariere," alisema alipoweza. "Hakuna hata moja ilifika nzima. Sasa hii nayo wamekata maini." Akamgeukia mdogo wake. "Havugimana, uliogopa kusema kama ni ngombe. Ni ngombe."

Halafu akaona kilichojikunja nyuma, akauliza. Achille akasema ni ndama, Madame ana mimba ya miezi saba. Wanawake wakapiga vigelegele, maana mahari yenye mimba ni mahari mara mbili. Léoncie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Yeye hakupiga. Alimtazama binti yake tumboni, na Igihozo akawa anautazama moshi.

Havugimana, ulimi ukiwa umemrudia, akapanda juu ya kreti ya Fanta. Akamsifu mwenye mguu ulioachwa na jua la jioni, mwenye ubavu wa nyasi za Masisi, aliyevuka vita asitoe damu, akatoa ini tu. Alisifu hadi jasho likamtoka.

*

Jumapili Achille alirudi na mwenye chukudu, adabu zote mikononi. Alimkuta Madame amefungwa kamba kwenye jiwe, beseni la maji mbele yake. Sebahire alisikiliza maelezo ya mtihani bila kukatiza. Kisha akasema ng'ombe wa mahari akishapokelewa harudi tena kulala kwa aliyemleta, na kwamba mwalimu mzima anapaswa kujua hilo. Siku barabara ikifunguka Achille alete yule anayekula majani, naye atachukua huyu. Kabla ya hapo, hapana. Na Achille akizidi kudai, basi na yeye atadai binti yake abaki.

 Jumatatu asubuhi Achille alisimama mbele ya mkuu wake akakiri.

"Umetoa mali ya institut kuwa mahari," Mushagalusa alisema.

"Ndiyo, directeur."

"Na wamepokea?"

"Wamepokea, directeur. Wamesifu."

Mkuu alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akairekebisha tai ambayo haikuwa na kosa. Alisema Achille amefukuzwa. Kisha akakumbuka kwamba wanafunzi wako nje na kalamu zao, na hakuna mwingine anayejua kuufungua ule ubavu. Kufukuzwa kukaahirishwa hadi baada ya mtihani. Wakaenda wote Ndosho kwa miguu, juu ya mawe, mkuu mbele na viatu vyake vinavyong'aa.

Alifika amejiandaa kwa vita. Alisema ni mali ya institut, ni msaada wa wafadhili, ana haki ya kuichukua. Sebahire alimpa kiti kizuri kuliko vyote, akamuuliza walikuwa wanamfanyia nini ng'ombe huyu huko. Wanafunzi wanajifunza, mkuu akasema. Sebahire akauliza ni nani aliyewakataza kujifunza hapa.

"Mimi nilichunga tangu utoto," alisema, na sauti yake ilishuka, ikabidi mkuu ainame amsikie. "Hii ndiyo ngombe ya kwanza yangu ambayo watu ya bunduki hawatakula. Uniachie, directeur."

Mushagalusa aliangalia kamba, akaangalia beseni la maji ambalo mtu alikuwa amelijaza asubuhi hiyo hiyo. Alikohoa. Kisha akauliza wanafunzi wanaweza kunawa mikono wapi, kwa sababu alimwona muzee anawatazama mikono.

Mtihani ukafanyika uwanjani, majirani wamejaa uani. Mwanafunzi mmoja, Annonciata, aliambiwa aonyeshe ini. Akaonyesha matundu mawili ya skrubu, akasema kwa kawaida lingekuwa hapa, kulia, nyuma ya mbavu, lakini la huyu liko kwenye kizuizi, juu ya meza. Mkuu alimtazama Achille. Kisha akampa binti huyo pointi zote. Habari ya kufukuzwa haikutajwa tena siku ile, wala siku zilizofuata, na kila wiki darasa likawa linakwenda Ndosho kwa muzee.

*

Waliooana kanisani walikuwa Achille na Igihozo, ingawa Ndosho ilizungumza zaidi juu ya Madame, ambaye siku hiyo alifungwa utepe kwenye pembe. Kitenge cha Igihozo kilifungwa juu kuliko mtindo unavyotaka. Kila mtu alisifu mtindo.

Wakati wa kuaga, uwanjani kwake, Sebahire aliwaita wanandoa nyuma ya hema. Desturi yao ni kwamba ng'ombe wa mahari akizaa, ndama mmoja hurudishwa kwa wanandoa ili nao wapate pa kuanzia. Hurudishwa polepole, nyumba yao ikishasimama, mtoto akishapatikana. Muzee alifungua ubavu, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akamtoa ndama wa plastiki, akamfunga ndani ya kitenge cha Léoncie na kumweka mikononi mwa binti yake.

"Wengine hungoja mutoto azaliwe, halafu tunarudisha ndama," alisema, bila kumtazama yeyote. "Ninyi hamukungoja. Na mimi sitangoja."

Achille alitaka kupiga magoti. Muzee alikuwa amekwisha kugeuka, anafunga ubavu, anahakikisha umeshika.

Waliondoka kwa pikipiki, Igihozo nyuma ya dereva, Achille nyuma yao kwa nyingine. Kwenye kamba ya kizuizi wakasimamishwa. Chef alikuwa pale pale na buti zake, ini limebana karatasi zake. Alimwona Igihozo na mzigo aliouegemeza tumboni, akauliza amebeba nini.

"Ndama," Igihozo alisema, akafunua kitenge.

Chef alimtambua ndama wa Madame. Alikagua kichwa, miguu iliyokunjwa, akamgeuza, akatafuta mlango wa ubavu, asiuone.

"Maini yake?"

"Haina bado. Haijazaliwa."

Chef akaangalia ndama, akaangalia tumbo la Igihozo lililokuwa nyuma yake, chini ya kile kitenge kilichofungwa juu.  Vijana wake walimngoja aseme ni nini kitabaki hapa. Hakupata kitu cha kukata.

Akainama, akaishusha kamba mwenyewe, na pikipiki zote mbili zikapita.